Bega Lililopanda

Kwenye karakana ya ushonaji walimbatiza Samahani, na jina likamkaa. Hata sindano ikimchoma, yeye ndiye anayeiomba radhi! Lakini mwache peke yake na chaki na kitambaa, uone. Yule ni fundi, nakwambia, fundi hasa.

Mkataji mkuu alikuwa anastaafu. Mwenye karakana, mama asiye na maneno mengi, akamwambia Samahani, "Bibi harusi anakuja leo, anataka mshono mpya kabisa. Chora wewe, kata wewe. Akiupenda, meza ya kukatia ni yako."

Meza hiyo Samahani aliitamani kimoyomoyo miaka nenda rudi. Akachora kwa chaki juu ya kitambaa gauni ambalo bega moja limepanda hadi karibu na sikio, la pili limeachwa wazi. Alipomaliza, alijipenda kidogo.

Bibi harusi akaja na shangazi yake. Shangazi akalitazama lile bega, akainamisha kichwa. "Hapa umekusudia?"

Swali la heri tu, jamani. Shangazi wa watu alishalipenda. Lakini dada mkubwa aliyemlea Samahani, kikombe kikivunjika, aliuliza neno hilohilo, kisha kofi. Makofi yenyewe Samahani alishayasahau. Ukimuuliza, atakwambia dada alimlea vizuri. Shingo yake ndiyo haikusahau. Ikanywea.

"Hapana, shangazi. Nimeteleza," akasema, na kiganja kikafuta chaki kabla hajajua kinafanya nini.

Shangazi akaduwaa. Bibi harusi, kwa unyonge, akaomba basi ashonewe gauni la kawaida. Hapo mshonaji wa cherehani ya dirishani, aliyeajiriwa majuzi tu, akainuka, akachukua chaki na kulirudisha lile bega mstari kwa mstari, maana alikuwa akimchungulia Samahani tangu asubuhi. Bibi harusi akacheka kwa furaha.

Mshonaji huyo hakuwa mwizi, tumpe haki yake. Mwenye karakana alipomsifu, alisema, "Mimi nimenakili tu, mama. Mshono ni wa dada huyu."

Mwenye karakana akamgeukia Samahani. "Kweli?"

Neno "ndiyo" lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi. Macho yakashuka sakafuni.

"Aa, mimi nilikuwa najichezea tu," akasema. "Kazi ni yake."

Mwenye karakana akamwamini. Meza akapewa mwenzake, na Samahani akarudi kwenye cherehani yake moyo unamuungua, asijue amlaumu nani.