Mikono Miwili ya Kushoto

Tangu aajiriwe kiwandani, Mama Pacha alishona kitu kimoja tu: mikono ya kushoto ya mashati. Ya kulia ilikuwa ya meza ya pili, na msimamizi hakutaka mtu aguse kazi isiyo yake. Mshahara ulikuwa haukati kiu, basi akanunua cherehani chakavu, akatangaza kwamba Jumapili anashona nyumbani.

Mteja wa kwanza alikuwa wifi yake, mwanamke asiyejua kumeza neno. Alivaa gauni lake jipya, akainua mkono wa kulia, na gauni zima likapanda nao.

"Wifi, hapa umenishonea au umenifunga kamba?"

Mama Pacha akatazama, akashika kichwa. Vidole vilikuwa vimekwenda vilikozoea: mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto!

"Basi nikatwe huu wa kulia niwekewe wa kushoto," wifi akasema, wakacheka mpaka machozi.

Akafumua. Akakata kitambaa kilichobaki, akashona taratibu, jasho likimtoka, mkono wa kulia wa kwanza maishani mwake.

Siku hiyo wifi alirudi kwao kwa njia ndefu, akimpungia kila mtu mtaani, hata asiyemjua, kwa mkono ule wa kulia.