Kesho Wanamzika Rafiki Yangu Kwenye Shamba Langu

Admin, nifiche jina na mtaa wangu usiutaje. Nina miaka hamsini na sita, ni Mtanzania, na nimeshona sare za shule hapa Nyeri tangu nikiwa msichana. Sina mume. Nimechoka, jamani, hata kulia sina nguvu.

Miaka ya nyuma nilinunua nusu ekari kule Wamagana. Dalali aliniambia wazi kwamba sheria hairuhusu mgeni kumiliki shamba la kulima, nitafute Mkenya ninayemwamini. Nikaliandikisha kwa jina la Mama Kamau, tuliyekuwa tukiimba naye kwaya. Alikuwa ameachana na mumewe, hana hata pa kupanda sukuma wiki. Tulikubaliana yeye alime, mimi nipande miti ya makadamia. Hakunidhulumu hata siku moja. Angekuwa mtu mbaya, leo ningekuwa na wa kumchukia.

Shida ni kwamba hakuwaambia watoto wake. Kila nikimsukuma, alinijibu, "Wacha kwanza Kamau aoe, atulie, nitamwambia." Kamau alioa, akazaa, na mama bado anangoja atulie. Wiki iliyopita presha ikamchukua ghafla.

Kwenye matanga Kamau alisimama akasema, "Mama hakuwa na kwingine. Tutamzika kwa shamba yake, huko Wamagana." Watu wakasema amina. Mimi nilikuwa na birika mkononi, nikaendelea kumimina chai.

Mnaoishi huku mnajua maana yake. Mtu akishazikwa mahali, hakuna wa kumhamisha, na shamba huhesabiwa kuwa la watoto wake. Na mimi mgeni, hati haina jina langu, nitasema nini mbele ya jeneza nisionekane mchawi? Lile shamba ndilo uzee wangu wote. Mgongo huu hautanishonea sare miaka mingi tena.

Leo mchana Kamau alikuja dukani. Nilimkaribisha kiti, akabaki mlangoni.

"Auntie, ile makadamia mbili za juu ziko mahali tunataka kuchimba kaburi. Tunaeza kata?"

Nikamwuliza, "Mbona unaniuliza mimi?"

Akatazama chini. "Si ni zako."

"Na mchanga zimesimama juu yake, ni wa nani?"

Akasema, "Auntie, wacha tuzike mama kwanza," akaenda zake. Kumbe anajua shamba ni langu. Sijui mama yake alimwambia lini, na sasa haisaidii kujua.

Vijana wa kuchimba wanangoja jibu langu. Nikisema kateni, nimeshalitoa shamba kwa mdomo wangu. Nikikataa, rafiki yangu atalala mochari kwa sababu yangu, na hakuwahi kunikosea. Ndugu zangu, nimjibu nini huyu kijana? Mambo ya namna hii nilizoea kumwuliza mama yake.