Maswali Yasiyotaka Jibu

Mkikuta neno nimelikosea au herufi zimelala, mnisamehe. Niliishia darasa la saba, na kalamu yangu haina haraka.

Dada yangu ni mwalimu hapa Katandala. Alitaka kusoma shahada ya pili, na chuo alichokitaka kilidai kwanza mtihani wenye hesabu za ajabu. Unapewa swali na maelezo mawili. Jibu lenyewe hawalitaki. Unasema tu kama maelezo ya kwanza peke yake yanatosha kulipata, au ya pili peke yake, au mpaka uyaunganishe, au hata ukiyaunganisha hayatoshi.

Aliyageuza maswali ya mazoezi kwa Kiswahili ili nimsomee jioni akisonga ugali wa ulezi. Mbele za watu sauti yangu hupotea, ila mbele ya dada na sufuria naweza.

"Mzee ana mbuzi wangapi?" nilisoma. "Maelezo ya kwanza: mbuzi na kondoo wake jumla ni thelathini."

"Hayatoshi."

"Ya pili: mbuzi ni mara mbili ya kondoo."

"Hayo yanatosha. Mbuzi ishirini."

"Dada, hiyo thelathini umeitoa wapi? Ya pili unayapima peke yake."

Mwiko ukasimama. "Imebaki kichwani."

Ndivyo alivyokuwa akikosa kila jioni. Na hata alipopatia, alikuwa ameshapoteza muda kutafuta mbuzi ambao hakuna aliyemtuma. Saa ikiisha, maswali yamebaki. Na bila alama, chuo hakuna.

Mama, aliyekuwa akipepeta maharage mlangoni, aliuliza, "Kama jibu hawalitaki, wanauliza nini?"

"Wanataka kujua kama ningeweza kujua, mama."

"Basi waambie ungeweza, kisha mle ugali."

Mimi nikabuni dawa. Nikishasoma maelezo ya kwanza, na yeye akishayapima, namuuliza habari za mwalimu mwenzake anayemletea maharage kutoka Mwimbi.

"Maharage hayo anauza au anatoa?"

"Wewe, soma."

"Mbona gunia zima?"

"Ungekuwa unaongea hivi na mabinti wa kanisani, mdogo wangu, mama angekuwa na mkwe."

Hapo mimi natazama chini, na yeye kondoo wote wamemtoka kichwani. Nasoma ya pili, anajibu vizuri. Kuhusu kukokotoa, nilimnyang'anya penseli. Mwanzoni vidole vyake viliandika kwenye unga.

Alikwenda Mbeya kufanya mtihani, na wiki kadhaa baadaye akaenda tena kufuata majibu. Aliporudi tulimngoja mlangoni, mama hata salamu alizifupisha.

"Umepata ngapi?"

"Zinatosha, mama. Chuo wamenikubali."

"Ndiyo, lakini ngapi?"

"Nimesema zinatosha."

Akaingia ndani kubadili nguo, anacheka peke yake. Mama akanigeukia mimi, kana kwamba ndimi niliyemharibu. Mpaka leo anamwuliza, na dada hajataja. Mwezi ujao anaanza chuo.

Kama kuna msomaji aliyewahi kufanya mtihani wa namna hii, naomba aniandikie mtu hupata ngapi ndipo akubaliwe. Makadirio tu. Nitamsomea mama, hata kama itachukua jioni nzima.