Binti Yangu Alinifundisha Kurusha, Sasa Hanitazami Usoni

Habari zenu wote. Naomba jina langu lisionekane, maana hapa mtaani Kimanga tunajuana. Minye, yaani mimi, ni mama wa miaka arobaini na sita, nauza ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani, hapa mjini Uvira, nina mume na watoto wanne. Ninayewaandikia habari zake ni binti yangu wa kwanza, nitamwita Riziki. Ana miaka kumi na tisa.

Riziki alikuwa anacheza softiboli. Wengi wenu hamuujui huo mchezo. Kwetu uliletwa na mwalimu mmoja, mama aliyejifunza ukimbizini Uganda, akakusanya wasichana kwenye kiwanja cha shule. Mmoja anarusha mpira kutoka chini, anazungusha mkono mzima kama gurudumu halafu anauachia karibu na kiuno, na mwenzake anasubiri na rungu ili aupige. Mrushaji wa timu alikuwa Riziki. Watu walikuwa wanaacha shughuli zao kuja kumtazama.

Waasi walipoingia mjini tulikimbia na mizigo kichwani kuelekea mpaka wa Burundi. Njiani risasi ikampata Riziki kwenye kiwiko cha mkono wa kuume. Hali ilipotulia kidogo tukarudi nyumbani, na baada ya matibabu mengi daktari alituambia kidonda kimepona, ataandika na kula kwa mkono ule, ila hautanyooka tena. Riziki hakulia. Alilala ameelekea ukuta, na kwa muda mrefu hatukusikia kwake zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Chakula nilikuwa nakirudisha jikoni kama nilivyokipeleka.

Mchana mmoja, sijui niliongozwa na nini, nilichukua mpira wake, nikatundika godoro kuukuu uani na kujaribu kurusha kama nilivyokuwa namwona. Mpira ukaenda kugonga mabati ya jirani. Nikasikia sauti kutoka ndani: "Mama, haiko hivyo."

Nikamuuliza, "Iko namna gani?"

"Mukono ipite karibu na kiuno. Weye unarusha kama muntu anafukuza kuku."

Kesho yake alikuja kukaa mlangoni. Ikawa kila siku nikitoka sokoni tunafanya mazoezi, yeye kwenye mkeka ananirekebisha, minye na mgongo wangu unaouma. Alianza kula. Siku moja nilianguka nikiwa nazungusha mkono, akacheka mpaka akashika tumbo, na baba yake akatoka kuangalia nani anacheka ndani ya nyumba yake. Wasichana walipoanza tena kukusanyika, ni Riziki mwenyewe aliyenishika mkono kunipeleka kiwanjani. Walinicheka mwanzo. Baadaye mpira wangu ukaanza kunyooka, na wale wenye rungu wakawa wanaukosa.

Juzi mwalimu alitutangazia kwamba timu ya wanawake inakuja kutoka ng'ambo, Bujumbura, kucheza na sisi. Akaniambia mbele ya wote, "Mama Riziki, mrushaji ni weye." Wasichana wakapiga makofi. Nikageuka kumtafuta binti yangu, nikamwona tayari anatoka kiwanjani peke yake.

Nilimkuta nyumbani anachambua maharagwe. Nikakaa karibu yake. Hakuinua macho. Alisema polepole, "Mama, mukono yangu walichukua wale. Nafasi yangu umechukua weye."

Mume wangu ananiambia, "Acha hiyo kitu. Mama gani anashindana na mtoto wake?" Mwalimu naye anasema nikiacha, Riziki ataamini kwamba mkono wake umemaliza kila kitu, na timu haina mrushaji mwingine.

Na niwaambie ukweli ambao mume wangu hajausikia. Nilianza kwa ajili ya mtoto, lakini sasa naupenda huu mchezo. Niliolewa nikiwa na miaka kumi na saba, tangu hapo kila nilichofanya kilikuwa cha watu wengine. Mpira ukiniponyoka vidoleni vizuri, kwa muda mfupi ule kichwa changu hakisikii ile milio ya risasi ya barabarani.

Jana nilimwambia Riziki, "Mwanangu, nimeacha." Nilifikiri atanikumbatia. Akaniambia, "Usiache kwa sababu yangu, halafu kila mara ukinitazama ukumbuke ulichoacha." Akainuka, akaenda kulala kwa shangazi yake. Mpaka sasa ninapoandika hajarudi.

Mechi ni Jumamosi. Nikienda, nahisi namkanyaga mtoto wangu. Nikibaki, nimemtwika mzigo ambao ameshaukataa. Akina mama wenzangu, na nyinyi vijana mliopoteza kitu vitani mkaona mzazi wenu anaendelea kuishi, nisaidieni mawazo bila kunitukana. Mngekuwa minye, mngefanya nini?