Mashairi Yaliyozikwa kwa Heshima

Habari ya kifo cha rafiki yangu ilinikuta kwenye duka la dawa hapa Kasese, nikisubiri zamu yangu. Aliyepiga simu alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, anayeuza mitumba kule Bwera, mpakani. "Mwalimu, muzee alituacha jana," alisema. "Tulimuzika jana ileile, saa kumi." Nilitoa pole kama inavyotolewa, kisha, naona haya kukiri, swali langu la kwanza halikuwa juu ya mjane wala juu ya ugonjwa. Niliuliza kuhusu vitabu. Shemeji akanijibu kwa sauti ya mtu aliyetimiza wajibu wake: "Vitabu usiogope. Tuliipatia heshima yake yote." Nilijua, pengine mimi peke yangu katika wilaya nzima, kwamba vitabu vile havikuwa vya kupewa heshima ya namna hiyo, na kwamba heshima hiyo ndiyo ingevimaliza. Niliondoka dukani bila dawa niliyoifuata.

Marehemu alikuwa msafirishaji. Kwa miaka mingi lori lake lilibeba samaki wa chumvi kutoka Kasenyi na mahindi ya Karusandara hadi mpakani, na alipopata mzigo wa mbali alikwenda nao hadi pwani ya Kenya. Ni katika safari hizo za pwani alipoanza kununua vitabu. Hakununua vitabu vya kila aina. Alitaka vya mashairi ya Kiswahili vilivyochapwa kwa herufi za Kiarabu, katika ile miaka ya kati ya vita viwili vikuu vya dunia, na hasa vile vilivyochapwa vichache tu, vyenye namba ya nakala iliyoandikwa kwa wino kwenye ukurasa wa mwisho. Kimoja kilikuwa nakala ya tisa, na nadhani alikipenda kuliko lori lenyewe. Herufi zile alijifunza madrasa akiwa mdogo, kwa hiyo alisoma bila kukwama. Mimi ni mtoto wa kambi ya jeshi, niliyekulia kwenye Kiswahili cha amri na gwaride kabla ya kwenda kukisomea shuleni. Najisifu kwamba nafundisha lugha hii, lakini herufi zile sizijui hata moja. Basi tulikaa uani kwake baada ya sala ya alasiri, yeye akisoma kwa sauti ya chini, mbali na jiko, mimi nikisikiliza na kula mihogo ya mkewe.

Niliwahi kumwuliza kwa nini ni miaka ile tu. Kabla ya vita vya kwanza, alisema, watu waliandika mashairi yao kwa mkono. Baada ya vile vya pili, herufi za Kizungu zikatawala kila mahali. Lakini hiyo haikuwa sababu yake hasa. "Batu ba ile miaka," aliniambia, "walifikiri vita imekwisha kabisa. Angalia, wanaandika mapenzi, wanaandika mavuno, mutu anamucheka mama mukwe wake. Hakuna hata mumoja anajua ingine iko njiani." Nikamwuliza, na sisi je? Alifunga kitabu taratibu akanitazama. "Sisi tuko vilevile, Mwalimu. Tuko katikati. Ya mbele ndiyo hatujui iko lini." Nilimwambia anapenda kujitia hofu. Lakini ninyi mnaoishi upande huu wa milima hamhitaji kufafanuliwa. Tunajua jinsi bunduki zinavyonyamaza, watu wakaezeka nyumba upya, wakafungua maduka, wakaozesha mabinti, na wote tukasema sasa yamepita. Tunalisema hilo kila mara, na kila mara tunaliamini. Siku hizi malori ya askari yakipita kuelekea mpakani huwa naacha ninachokifanya na kuyahesabu, tabia ambayo nimeipata kwake.

Uongo uliovimaliza vitabu ulizaliwa barabarani, nami nilikuwepo. Ulikuwa msimu wa wasiwasi, watu wakilala na viatu miguuni, na tulikuwa tunatoka Kasese kwenda Bwera. Karibu na Kikorongo tukasimamishwa kwenye kizuizi. Askari mmoja kijana, ambaye kwa matamshi yake alitoka mbali sana na huku, alipekua chini ya kiti akakuta kitabu kimefungwa kwenye gazeti. Alikifungua. "Hii maandishi ni ya nani? Inasema nini?" Swali lile halikuwa la mchezo. Mwislamu wa mpakani, lori, karatasi zenye herufi asizozijua askari, na msituni kuna watu wenye silaha. Mwenzangu angejibu kwamba ni mashairi, angetakiwa kueleza mashairi gani, ya nani, anampelekea nani, na tungelala tunaeleza. "Ni Kurani, afande," alisema mwenzangu. Kijana yule alijifuta mkono kwenye suruali, akakifunga kitabu vizuri, akakirudisha kwa mikono miwili. "Pita, muzee. Utuombee."

Tulicheka mpaka tukaipita njia ya kwenda Katwe. Kitabu alichokishika askari kwa adabu yote ile kilikuwa cha mtu anayelalamika kwamba mama mkwe wake amekuja kusalimia na sasa ni mwezi wa nne haondoki. Kisha mwenzangu aliacha kucheka. Alisimamisha lori pembeni, akachota maji kwenye jerikeni, akanawa uso. "Nimesema ni neno ya Mungu, na siyo," alisema. "Hii itanirudilia." Nikamwambia Mungu anavifahamu vizuizi vya barabarani. Niliona nimejibu kwa werevu.

Uongo ule ulifika nyumbani kabla ya lori. Abiria mmoja aliyekuwa nyuma juu ya magunia alishuka sokoni tulipokuwa tunapakua mzigo, akasimulia Bwera nzima jinsi Kurani ilivyowaokoa, na mke wa marehemu alipoyasikia akaenda kwenye rafu ya vitabu na kitambaa cheupe. Alivifunga vyote, kwa kuwa vyote vilikuwa vya herufi zilezile, akaviweka juu kabisa, na tangu siku hiyo hakuna aliyevigusa pasipo kutawadha. Wajukuu walikoma kuvichorea. Muuza chapati wa jirani, aliyekuwa akiomba karatasi kuukuu za kufungia, hakuomba tena. Marehemu angeweza kusema ukweli jioni ileile. Hakusema, kwa sababu aliona faida yake. "Sasa iko salama," aliniambia, sauti ikiwa chini. "Hakuna mutu anaweza kupasua. Wewe tu ndiyo unajua." Hapo pia tulicheka, lakini mimi nilicheka zaidi.

Alipoanza kuvimba miguu, alibadilika. Mchwa walikuwa wameingia rafuni na kula kingo za vitabu kadhaa, na kila nilipokwenda alirudia ombi lilelile. "Mwalimu, njoo na karatasi. Mimi nasoma, wewe unaandika kila kitabu iko ya nani na inasema nini. Nikikufa bila hiyo karatasi, hii vitabu itakufa na mimi." Nilimwuliza kwa nini asimwambie mkewe tu. Akasema hawezi kumwambia mama wa watoto kwamba alikuwa anatawadha miaka yote kwa ajili ya mashairi ya mapenzi. Lakini karatasi iliyoandikwa na mwalimu ingesema yote pasipo yeye kusimama mbele yake. Nilikubali. Nikasema baada ya Ramadhani. Ikapita, nikasema baada ya mitihani ya wanafunzi. Mara ya mwisho alinipigia mwenyewe, akihema. "Njoo hii wiki," alisema. Nilikuwa na rundo la madaftari ya kusahihisha, nikamwahidi wiki inayofuata. Wiki inayofuata ndiyo hii.

Nilifika Bwera siku ileile ya simu, siku moja baada ya mazishi. Shemeji alinipeleka makaburini pamoja na imamu, mtu mpole aliyenipokea vizuri. Kaburi la marehemu lilikuwa bichi, na kando yake, ndani ya uzio wa miti mahali ambapo hapapitwi na watu, palikuwa na tuta dogo la udongo uliolowa. Imamu akanieleza kwa upole, akidhani nahitaji kufundishwa. Maandiko matakatifu yakichakaa hayatupwi jalalani wala hayaachiwi mchwa. Huvikwa nguo safi na kuzikwa mahali pasipokanyagwa. "Nilifungua moja," alisema, "nikaona Bismillahi mwanzoni, nikaona imeliwa, nikafunga." Ni kweli. Washairi wa enzi ile walianza na jina la Mungu hata pale walipokuwa wanakwenda kumsema mama mkwe. Nilisimama pale nikiangalia tuta, na mvua iliyokuwa imenyesha tangu asubuhi ikiingia ndani yake, na nikamwambia imamu ukweli wote. Hakukasirika. Alisema jambo hili si lake, ni la mjane.

Mjane alikuwa ndani, kwenye eda, kwa hiyo tuliongea yeye akiwa upande wa pili wa pazia na kaka yake amekaa karibu nami. Nilimweleza tangu Kikorongo. Nikasema tukifukua leo huenda vichache vikapona. "Nikifukua," alisema kutoka nyuma ya pazia, "batu watauliza kwa nini. Nitasema muzee alikuwa nadanganya kwa jina ya Mungu, na hana siku mbili ndani ya udongo. Nikiacha, kitu alipenda inaoza pembeni yake. Sasa unataka nichague gani?" Kaka yake alinigeukia. "Wewe ulijua," akaendelea, bila kupandisha sauti. "Ulikuwa nakula hapa. Uliniona nanawa mikono mbele ya kushika ile kitambaa, na ulikuwa nanyamaza." Nilisema ndiyo. Akaamua viachwe vilipo. Akaniruhusu niandike haya, mradi nisimtaje mtu, kwa sababu, alisema, amechoka na vitu vinavyofichwa.

Nilipoinuka kuaga, aliniita tena. "Basi nisomee moja," alisema. "Muliisoma hapa miaka yote. Niambie tu moja, nisikie mume wangu alikuwa napenda nini." Nilifungua mdomo, wasomaji wangu, na hakikutoka kitu. Nakumbuka yalihusu nini. Nakumbuka sauti yake, na mahali alipovuta pumzi. Lakini ubeti mmoja wenye vina na mizani yake, maneno kwa mpangilio wake, sikuwa nao, kwa sababu siku zote nilijua kwamba kitabu kipo, na mwenye kukisoma yupo, na jioni nyingine itakuja. Miaka yote ile mimi pia nilikuwa katikati, na sikujua. Kama yuko mtu anayekusomea kitu ambacho hakuna mwingine nyumbani kwake anayekijua, hakukuita kustarehe. Amekupa kazi, na siku za kuifanya zinaisha huku mnacheka. Chukua kalamu leo, hata kama ni kwa ubeti mmoja. Mimi nilitoka nyumba ile kinyumenyume, nikisema samahani kwa pazia.