Mibamia Iliyovuka Baridi Qurum

Siku ya kwanza kazini niliingia Qurum, mtaa mmoja wa Maskati, Omani, na diploma yangu ya kilimo cha bustani ndani ya bahasha ya plastiki. Mwenye nyumba, Mkurugenzi katika wizara moja, alikuwa amenitoa soko la Mawaleh, ambako nilichambua mboga mwaka mzima mwishoni mwa miaka ya tisini. Mama yake, mzaliwa wa Unguja, tuliyemwita Bi Mkubwa, hakuitazama diploma. Alitazama mikono yangu.

“Bwana Diploma, nna hamu ya bamia changa za bustanini. Za soko nshachoka nazo.”

Sijisifu bure: nilijisomesha kwa kuuza mkaa Muheza, na mtaa ule sikuona mtunza bustani aliyenifikia. Mbegu niliziloweka usiku kucha, nikapanda Machi, tukala bamia mpaka baridi ilipoingia. Hapo majirani waling’oa mibamia yao. Mimi nilikata. Shina unalikata kimo cha goti, unabakiza vifundo vinne, yaani pale majani yanapotokea, unafunika udongo kwa makuti ya mtende, unapunguza maji. Mmea haufi, unapumzika. Februari unautia samadi, nao unachipua wakati jirani ndiyo kwanza analoweka mbegu.

Bi Mkubwa aliona visiki tu.

“Umeniulia bamia zangu.”

“Zimelala, Bibi.”

“Kitu kilokatwa shingo hakilali, we!”

Mkurugenzi akaamua: baridi ikiisha na bamia hakuna, narudi Mawaleh.

Machi nilipeleka jikoni bakuli la kwanza. Bi Mkubwa alivunja ncha ya bamia moja, akanusa.

“Wenzio wa Mawaleh hawajambo?”

Nilielewa. Aliamini nimezitoa sokoni. Nilikuwa bado nina mwasho wa malaika, vile vinyweleo vya bamia, mikononi, na bado nilikuwa mwongo.

Siku mbili baadaye nilikuta mitini bamia saba changa zimefungwa uzi mwekundu kwenye vikonyo. Chuoni hatukufundishwa hilo. Nilijua nyumbani kwetu uzi wa namna hiyo hufungwa kwa nia gani, na nilimfikiria mtu mmoja: Rehema, mpishi, Mtanga mwenzangu, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amepita bustanini kuchuma mrehani. Nani mwingine aliyeionea wivu diploma yangu? Nilifungua nyuzi zote, nikazificha ndani ya kopo la mbegu. Chakula cha Rehema nikakiacha siku tatu. Nilimwambia tumbo linanisumbua.

Nilipopeleka bakuli jingine, niliitwa barazani. Mkurugenzi alikaa. Bi Mkubwa alimwaga bamia juu ya sinia.

“Nlifunga uzi bamia saba kwa mkono wangu. Humu haumo hata mmoja. Zangu ziko wapi?”

“Nilizifungua mimi, Bibi.”

“Kwa nini?”

“Nilidhani uchawi.”

“Wa nani?”

Macho yangu yalikwenda kwa Rehema, aliyekuwa mlangoni na birika la kahawa. Aliliweka chini taratibu.

“Kumbe ndilo tumbo hilo,” alisema, akarudi jikoni.

Nilileta kopo. Bi Mkubwa akahesabu nyuzi saba, akacheka. “Chuo kizima, na uzi wa cherehani wakutisha!” Hata hivyo hakuridhika kuwa zile bamia zilitoka kwenye visiki. Kesho yake alipeleka kiti bustanini, akachagua ua moja la manjano, akalilinda kila asubuhi. Bamia haina subira: siku ya tano tangu ua kufunguka, alikata bamia yenye urefu wa kidole, kwa kisu chake.

“Hii yangu,” alimwambia mwanawe. “Mwache abaki.”

Nilibaki miaka saba, na visiki vyangu vilivuka baridi baada ya baridi. Madereva wa majumba mengine walitumwa kuja kuniuliza siri. Sasa nimestaafu Muheza, katika nyumba niliyoijenga mwenyewe, na vijana wananiuliza kazi ilikuwaje. Nawaambia Bi Mkubwa nilimtoa shaka kwa bamia moja.

Rehema sikupata cha kumwonyesha. Kabla ya siku ile ya barazani alikuwa akiniita jikoni, “Karibu kaka, tule.” Baadaye aliiweka sahani yangu nje kwenye ngazi, imejaa, imefunikwa vizuri, kila siku kwa miaka ile yote, bila kuniita.