Njia ya Maporomoko Mwaka wa Ukame

Kijijini kwetu, kwenye miteremko ya Meru, njia ya kwenda kwenye maporomoko ya maji ilitunzwa kwa kiingilio cha wageni. Ndicho kilichowalipa waliofyeka na kutengeneza ngazi za udongo. Mvua ilipokosekana, maporomoko yakabaki mchirizi, wageni wakaacha kuja, na mfuko ukakauka. Tukaitisha msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Walikuja wanawake wachache tu. Wanaume walikuwa mjini wakitafuta vibarua.

“Mwalimu, tunamfyekea nani?” jirani yangu aliniuliza.

“Tusipoziimarisha ngazi hizi, mvua ikirudi zitasombwa. Mgeni atapita wapi?”

“Mgeni! Wanangu wanalia njaa leo.” Akachukua panga lake akaondoka, na wenzake wakamfuata.

Sikumlaumu. Mvua ilirudi, ngazi zikasombwa. Maporomoko sasa yananguruma, hakuna anayeyafikia.